Chaki ya Madaktari wa Meno

Kwa zaidi ya miaka 20, kijana wa Marekani aliyetaka kusomea udaktari wa meno alipimwa kwa kisu na chaki. Alipewa kipande cha chaki, rula, penseli na karatasi yenye mchoro wa umbo fulani, akaambiwa achonge mpaka chaki ifanane na mchoro. Nyuso ziwe bapa, pembe zikae zilivyochorwa, kingo ziwe kali, vipimo visizidi wala visipungue. Chaki haina huruma. Ukikata zaidi huna cha kurudishia, na ukiibana sana inakukatikia mkononi. Muda ulipokwisha, vipande vilikusanywa vikapelekwa kwa wasahihishaji, nao wakavigeuzageuza kimoja kimoja na kuvipa alama.

Habari hii niliipata uzeeni, na ilinigusa kwa sababu nimeishi na chaki. Nilifundisha uchoraji wa kiufundi Tanga mpaka nikastaafu. Kazi yangu ilikuwa kumfanya kijana atazame kipande cha mbao kilichokatwa kona na kutobolewa tundu, kisha akichore kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Au atazame michoro hiyo mitatu na kuliona kichwani umbo ambalo hajawahi kulishika. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi Houston na anajiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya meno, unaojulikana kwa herufi DAT. Jioni moja akanitumia picha za maswali kwenye simu. "Shikamoo mjomba. Baiolojia na kemia nitazimudu. Haya ndiyo yanayonitoa jasho, sijui nianzie wapi."

Nikazikuza picha, nikaona plani, yaani sura ya kutoka juu, nikaona elevesheni, yaani sura ya mbele na ya ubavuni, na mistari ya vidoti inayoonyesha kilichojificha nyuma. Yalikuwa maswali ya darasani kwangu. Nilimpigia tukazungumza mpaka usiku kwetu ukawa mkubwa, na katika mazungumzo hayo akasema neno lililonifanya niandike makala hii. Alisema wenzake wanaamini sehemu ile haifundishiki: ama umezaliwa na jicho hilo, ama hukuzaliwa nalo, na asiye nalo apambane tu na bahati yake.

Siafiki. Na historia ya mtihani wenyewe, niliyoifuatilia tangu siku hiyo, haiafiki.

Nianze na ulivyo sasa. Sehemu ninayoizungumzia inaitwa PAT kwa kifupi. Ina maswali 90 kwa dakika 60, yaani sekunde 40 kwa kila swali, katika mafungu sita yenye maswali 15 kila moja. Fungu la kwanza linakuonyesha kitu na matundu matano, uchague tundu ambalo kitu hicho kitapita bila kugeuzwa kikishaanza kuingia. La pili ni plani na elevesheni: unapewa sura mbili za umbo, unatafuta ya tatu. La tatu linakutaka upange pembe nne kuanzia ndogo hadi kubwa, na tofauti kati yake huwa nyuzi chache mno. La nne ni karatasi iliyokunjwa, ikatobolewa, nawe useme matundu yatakaa wapi ikikunjuliwa. La tano ni michemraba iliyorundikwa na kugandishwa pamoja, ikapakwa rangi pande zote isipokuwa chini, uhesabu ni mingapi yenye nyuso mbili za rangi, mingapi yenye tatu. La mwisho ni bapa la kukunjwa liwe kiboksi au umbo jingine.

Hakuna jino hata moja humo. Kwa nini basi daktari wa meno apimwe hivyo?

Kinywa ni mahali pa giza na pembamba. Daktari anayeziba gego la juu la nyuma halioni moja kwa moja. Analitazama kwenye kioo kidogo, na kioo kinageuza nyuma kuwa mbele. Mkono wake unakwenda upande mmoja wakati jicho linamwonyesha mwingine. Picha ya eksirei aliyonayo ukutani imelala bapa, lakini mzizi anaoutafuta umepinda kuelekea ndani. Akikata jino ili alivishe taji, kuta za kile alichokikata lazima ziwe na mwinamo mdogo unaoruhusu taji kushuka bila kukwama na bila kulegea. Yote hayo ni kazi ya kuliona umbo lote wakati unaonyeshwa sehemu yake tu.

Aliyewapa watu njia ya kufanya hivyo kwenye karatasi hakuwahi kung'oa jino. Ni Gaspard Monge, mtoto wa mfanyabiashara mdogo wa mji wa Beaune, Ufaransa. Miaka ya 1760 aliajiriwa katika shule ya wahandisi wa kijeshi ya Mézières. Hakuwa wa ukoo wa kabaila, kwa hiyo hakuruhusiwa kuketi na maofisa wanafunzi. Alikuwa mchoraji tu. Siku moja akapewa kazi ya kupanga ngome ili waliomo ndani wasionekane wala kufikiwa na risasi za adui aliye kwenye kilima. Desturi ilikuwa kukokotoa kwa hesabu ndefu za siku nyingi. Monge akaimaliza kwa kuchora. Inasimuliwa kwamba mkubwa wake mwanzoni alikataa hata kuikagua kazi hiyo, akiamini hakuna anayeweza kumaliza upesi kiasi kile. Walipoikagua na kukuta ni sahihi, njia ile ikafanywa siri ya jeshi. Ilikaa sirini karibu miaka 30. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1795, Monge aliruhusiwa kuifundisha hadharani Paris, na kitabu chake kikatoka mwaka 1799.

Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka mpya wa masomo, na nakirudia hapa kwa makusudi. Mtu aliyezuiwa mlangoni kwa sababu ya ukoo alitengeneza njia ambayo mtoto yeyote anaweza kufundishwa. Hakudai kwamba ana jicho la pekee. Aliweka kanuni: kitu kimoja, sura mbili au tatu, mistari inayounganisha kila nukta ya sura hii na nukta yake katika sura ile. Anayezifuata kanuni hizo anafika.

Mwaka 1816 Claudius Crozet, ofisa Mfaransa aliyepigana chini ya Napoleon, aliichukua elimu hiyo hadi chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani. Hapakuwa na kitabu cha Kiingereza cha somo hilo, akafundisha kwa ubao na chaki. Mwaka 1821 akachapisha kitabu chake mwenyewe. Kutoka hapo uchoraji ule ukaingia viwandani na mashuleni, na Wamarekani wakazoea kuweka plani juu ya elevesheni ya mbele. Sisi tuliorithi desturi ya Uingereza tulizoea kuiweka chini yake. Mpwa wangu alipoanza kunitumia maswali, hili ndilo nililolitazama kwanza, kwa sababu mtu aliyesoma kwa desturi moja akipewa ya pili bila kuonywa atasoma kila kitu kinyumenyume, halafu ataambiwa hana kipaji.

Udaktari wa meno nao ulikuwa ukitafuta njia yake. Shule ya kwanza ya meno duniani ilifunguliwa Baltimore mwaka 1840. Kabla ya hapo kijana alikaa na fundi akimtazama mpaka naye awe fundi. Aliyeingiza vipimo katika kazi hiyo kwa ukali kuliko wengine ni Greene Vardiman Black, ambaye kitabu chake cha umbo la meno ya binadamu kilitoka mwaka 1890. Black alilitazama jino kwa jicho la fundi mchoraji. Alipima urefu, upana na mkunjo wa kila jino, akayapa majina mabapa, kingo na pembe za ndani ya tundu linalokatwa ili lizibwe, akafundisha kila ukuta uelekee wapi na kwa nini. Aliyesoma kwa njia ya Black alitakiwa kulichonga umbo la jino kabla hajaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Sanamu yake imesimama katika bustani ya Lincoln Park, Chicago, na kwa maoni yangu imesimama mahali pake.

Kwa hiyo kufikia mwanzo wa karne ya 20 shule za meno zilijua kufundisha jicho na mkono. Kupima jicho hilo kabla ya kulifundisha kulitoka kwingine kabisa: kulitoka jeshini.

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Yerkes na wenzake walitunga mitihani ya kuwapanga askari wapya. Wanaosoma Kiingereza walipewa mtihani ulioitwa Alpha. Wasiokisoma, wengi wao wahamiaji na watu walionyimwa shule, wakapewa Beta, uliokuwa wa picha na kuelekezwa kwa ishara za mikono. Askari wapatao milioni 1.7 walipimwa kwa mitihani hiyo miwili. Jaribio la pili la Beta lilikuwa kuhesabu michemraba iliyochorwa kwenye rundo, ikiwamo ile isiyoonekana kwa sababu imefunikwa na mingine. Nilipolisoma hilo nilinyanyuka kitini. Fungu la tano la mtihani wa mpwa wangu ni mjukuu wa swali aliloulizwa kijana asiyejua kusoma, ndani ya kambi ya jeshi, na mtu aliyekuwa akimpungia mikono.

Matokeo yake yalitumiwa vibaya. Mwaka 1923 Carl Brigham aliandika kitabu akidai alama hizo zinaonyesha daraja za akili za mataifa. Mwaka 1930 mwenyewe aliyakana madai hayo, lakini yalikuwa yamekwisha kuenea. Nayataja kwa sababu imani kwamba alama ya mtihani wa maumbo inaonyesha mtu alivyozaliwa haikutoka kwa wachoraji wala kwa walimu wa meno.

Mtafiti mmojawapo aliyesaidia kutenganisha uwezo wa kuona maumbo na akili ya jumla alikuwa Mwafrika, nami nasikitika kwamba jina lake halitajwi mashuleni kwetu. Ni Abdel Aziz El Koussy wa Misri. Utafiti wake alioufanya Uingereza ulichapishwa mwaka 1935, na ndani yake alionyesha kwamba kuna kitu mahususi kinachofanya kazi mtu anapogeuza maumbo akilini. Akakipa herufi K. Miaka mitatu baadaye, Chicago, L. L. Thurstone, aliyesomea uhandisi kabla ya saikolojia, akachapisha uchambuzi wake wa majaribio zaidi ya 50. Miongoni mwake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, na bapa linalokunjwa kuwa umbo. Fungu la nne na la sita hayo, yamekwisha kuwepo mwaka 1938, na hakuna daktari wa meno aliyekuwa akiyafikiria.

Halafu vita vya pili vikaisha. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia ada askari waliorudi nyumbani, na vyuo vikafurika. Waombaji wa shule za meno walikuwa wengi kuliko viti, na kila mwanafunzi aliyeshindwa katikati ya safari alikuwa amekalia kiti cha mwingine. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kikaanza kujaribu mtihani wa pamoja katikati ya miaka ya 1940, kazi iliyosimamiwa na mtaalamu wa upimaji Shailer Peterson, na mwaka 1950 ukaanza kutumika nchi nzima. Ulikuwa na sayansi, usomaji, hesabu, na maswali ya maumbo kwenye karatasi. Na ulikuwa na chaki.

Mimi naiona chaki kuwa wazo bora kuliko yote yaliyokuwemo. Ilimpima mtu kwa kazi inayofanana na kazi atakayoifanya. Aliyekuwa na mchoro mbele yake ilibidi ausome, alione umbo, apange ni uso upi uanze kukatwa ili asijiharibie kipimo cha uso unaofuata, kisha mkono utii. Mwalimu aliyeshika kipande kilichokamilika angeweza kusoma ndani yake kosa lilipotokea: huyu hakuelewa mchoro, huyu aliuelewa lakini alikimbilia, huyu mkono wake bado. Karatasi ya kuchagua jibu haikupi habari hizo.

Lakini chaki ina vumbi na gharama. Kila kituo kilipaswa kupelekewa vipande na visu, kazi zikusanywe bila kuvunjika, watu wenye ujuzi wakae wavipime, na wawili wanaotazama kipande kimoja wanaweza kutofautiana. Maelfu ya watahiniwa kwa mwaka, na mashine za kusahihisha zimekwisha kufika. Mwaka 1972 James Graham aliandika katika jarida la elimu ya meno la Marekani kuhusu kuweka maswali ya utambuzi wa maumbo mahali pa kuchonga chaki. Kisu kikaondoka. Yakabaki macho, karatasi na penseli, na baadaye kompyuta. Kanada walikaa na kuchonga kwa muda mrefu zaidi, wao wakitumia sabuni, mpaka ndani ya miaka ya 2010.

Mwaka mmoja kabla ya makala ya Graham, Roger Shepard na Jacqueline Metzler walikuwa wamechapisha utafiti ambao hadi leo hutajwa popote maumbo yanapozungumzwa. Waliwaonyesha watu jozi za maumbo ya michemraba, moja limegeuzwa, wakawauliza kama ni umbo lilelile. Kadiri umbo lilivyogeuzwa kwa nyuzi nyingi, ndivyo muda wa kujibu ulivyoongezeka, kwa mstari ulionyooka, kiasi cha nyuzi 60 kwa sekunde. Ilionekana kwamba watu hulizungusha umbo akilini kwa mwendo, hatua kwa hatua. Kwangu mimi mwalimu hiyo ni habari njema kupita kiasi. Kinachofanywa hatua kwa hatua kinaweza kufanyiwa mazoezi.

Sasa nifike mahali panapotuhusu.

Mwaka 1960 W. Hudson, akifanya kazi Afrika Kusini, alichapisha matokeo ya kuwaonyesha watu picha ya mwindaji mwenye mkuki, swala karibu, na tembo mdogo aliyechorwa mbali. Aliuliza: mwindaji anamlenga nani? Wafanyakazi weusi wengi wasiosoma walijibu kwa namna iliyochukuliwa kwamba hawaoni kina katika picha. Kutoka hapo yakazuka maandishi mengi kuhusu Mwafrika na macho yake, na baadhi ya walimu wa kizungu waliotufundisha sisi walikuja wameyaamini.

Jibu ninaloliheshimu lilitoka Lusaka. Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na watoto wa Manchester, Uingereza, kazi ya kunakili maumbo kwa njia mbalimbali. Matokeo yalichapishwa mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliwashinda Wazambia. Kwa udongo wa mfinyanzi, walilingana. Kwa waya, Wazambia waliwashinda Waingereza.

Aliyekulia upande wetu hahitaji kuelezwa sababu. Mtoto anayejitengenezea gari la waya anakunja fremu, anaweka magurudumu, anaunganisha usukani mrefu unaofika kifuani, na gari linakata kona. Hakuchora. Amelitazama lori barabarani, akalibeba kichwani, akaliteremsha kwenye waya. Vivyo hivyo mafundi wa majahazi wa pwani huunda chombo kizima kwa jicho, ubao kwa ubao, na chombo kinaelea. Serpell alithibitisha kwamba unachokipima kinategemea kile ulichompa mtu mkononi. Mwenye waya utamwona mjuzi, na huyohuyo ukimpa penseli utamwona mjinga. Kwa hiyo nasema bila kusita: chaki ilipoondolewa katika mtihani wa meno, mlango uliofungwa haukuwa wa watu wote kwa usawa. Aliyelelewa kwa karatasi alibaki na mlango wake. Aliyelelewa kwa waya, udongo na kisu aliupoteza wake.

Kwa mpwa wangu, basi, nilianza kwa vitu vya kushika. Nilimwambia afunge kompyuta, anunue udongo wa kuchezea wa watoto, sabuni za mche na kisu kidogo. Kila umbo la fungu la pili alilolikosa alilichonga kwanza, akalitazama kwa jicho moja kutoka juu, kutoka mbele, kutoka kulia, akalichora. Nikamfundisha sanduku la kioo, kama nilivyowafundisha wengine: kitu kiko ndani ya sanduku, kila sura imechorwa juu ya kioo kilicho kati yako na kitu, kisha sanduku linafunguliwa likalala bapa. Ndiyo maana plani ya Kimarekani imekaa juu. Hakuikosa tena.

Karatasi ya matundu tulianza kwa karatasi halisi. Kunja nusu ya kushoto iifunike ya kulia, kisha nusu ya juu iifunike ya chini. Umebaki na robo, upande wa chini kulia. Toboa kona yake ya chini kulia: ukikunjua, matundu manne yapo kwenye kona nne za karatasi. Toboa badala yake kona ya juu kushoto ya robo hiyo: matundu manne yanakusanyika katikati ya karatasi. Anayekariri majibu hapo atakwama mkunjo ukiwa wa mshazari. Anayekunjua nyuma kwa utaratibu, mkunjo wa mwisho kwanza, akihamisha kila tundu kuvuka mstari wa mkunjo kwa umbali uleule, hatakwama. Nilimtaka achore viraba 16 na kutia alama kila hatua, mpaka mkono wenyewe ukachoka na jicho likaendelea bila mkono.

Michemraba inahitaji nidhamu ya karani. Weka mitatu kwenye mstari juu ya meza, na wa nne juu ya ule wa kati. Wa juu una rangi nyuso tano. Ya pembeni ina nne kila mmoja: juu, mbele, nyuma na upande wa nje. Wa kati, uliobanwa kulia na kushoto na kubebeshwa mwenzake, umebaki na mbili tu. Wengi huwa wanausahau huo wa kati kwa sababu hauonekani vizuri. Kabla ya kusoma swali lolote, andika jedwali: nyuso tano, mmoja, nne, miwili, mbili, mmoja. Kisha maswali yote ya rundo hilo yanajibiwa kwa kutazama jedwali. Na kwenye pembe, nilimwambia asitazame mikono mirefu, kwa sababu urefu wa mkono unadanganya. Atazame kitovu tu, pale mistari inapokutana, na alinganishe mbilimbili.

Alama zake zilipanda, na sikushangaa. Waliopima jambo hili kwa upana wameona vivyo hivyo. Mwaka 2013 David Uttal na wenzake walikusanya tafiti 217 za mafunzo ya maumbo na kukuta mafunzo yanasaidia, tena faida hudumu na huhamia kwenye kazi ambazo mtu hakuzifanyia mazoezi. Sheryl Sorby, katika chuo cha ufundi cha Michigan, alianza miaka ya 1990 kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi walioanza wakiwa dhaifu kwenye maumbo, na kozi yake iliwainua. Kuhusu meno hasa, mwaka 2009 Mary Hegarty na wenzake wa California waliwachunguza wanafunzi wa udaktari wa meno. Uwezo wa maumbo ulihusiana na alama za maabara ya kurekebisha meno. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliwazidi wanaoanza katika kuona akilini mkato wa jino, lakini hawakuwazidi walipopewa maumbo mageni wasiyoyasomea. Jicho la daktari wa meno, kwa maneno mengine, linafundishwa kwa meno.

Kwetu njia ni nyingine. Nairobi ilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974, na Muhimbili mwaka 1979. Kijana anaingia kwa alama zake za fizikia, kemia na baiolojia. Hakuna mtihani wa maumbo, na sitaki uletwe. Ukiletwa leo utawabeba watoto wa shule chache zenye vifaa na kuwaacha wale wa magari ya waya. Lakini ukosefu wa mtihani usitudanganye kwamba hitaji halipo. Mwanafunzi huyo ataingia maabara, atapewa nta na picha ya gego, na wengi watakuwa hawajawahi kushika tii-skwea wala kuchonga kitu kwa kipimo tangu watoke shule ya msingi.

Shule za ufundi tunazo: Tanga, Moshi, Ifunda, Mtwara, Musoma, Bwiru, Iyunga. Vyumba vya kuchorea vimo. Ninachoomba kwa wapangaji wa elimu ni kidogo: wanafunzi wa baiolojia wa kidato cha tano na sita wapewe vipindi viwili vya uchoraji kwa wiki, na kimoja kiwe cha kuchonga, kwa sabuni au kwa chaki ileile ya ubaoni. Walimu wastaafu wa somo hili tupo, na wengi wetu tutakuja tukiitwa.